Kamera ya kutega porini: inachokiona na isichokiona

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai, wakati ambapo nyasi za misitu ya miombo ya Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, kusini mwa nchi, zimeanza kukauka na vijito vimeanza kukatika na kubaki vidimbwi. Kabla ya siku hiyo wenye vitalu, yaani maeneo ya pori yaliyotengwa kwa uwindaji, hupeleka watu porini kufungua njia za magari na kuandaa kambi, na kazi nyingine iliyoongezeka katika miaka ya karibuni ni kufunga kwenye vigogo vya miti kamera ndogo zinazopiga picha zenyewe kila mnyama anapopita. Anayezifunga hutaraji zimwambie ni wanyama gani waliomo kitaluni na wanakaa wapi. Kamera haina uwezo wa kujibu swali pana kiasi hicho. Inachojibu ni swali jembamba zaidi: ni nani aliyepita mbele ya mti huu, saa ngapi, akiwa katika hali ambayo chombo hiki kiliweza kumhisi. Wengi wanaosomewa picha hizo kambini huchukua jibu la swali la pili wakalifanya jibu la swali la kwanza, na ndipo makosa ya hesabu, ya muda na hata ya kumwua mnyama asiyeruhusiwa yanapoanzia.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani George Shiras alikuwa akiwapiga picha wanyama usiku kwa kutumia nyuzi zilizotandazwa njiani, ambazo mnyama akizigusa hufyatua kamera na mwako wa mwanga, na picha zake zilichapishwa katika jarida la National Geographic mwezi Julai 1906. Shiras mwenyewe aliwahi kuwa mwindaji wa bunduki. Kwa miongo mingi baada yake ufundi huo ulibaki kwa wapiga picha wachache, hadi vihisi vya elektroniki vilipokuwa rahisi na watafiti wakapata hesabu za kuvitumia; mwaka 1995 Ullas Karanth wa India alionyesha kwamba idadi ya chui milia inaweza kukadiriwa kwa picha za kamera, kwa kuwa milia ya kila mmoja ni tofauti na ya mwenzake. Wawindaji na watafiti wamekuwa wakinunua vifaa vilevile tangu wakati huo, ila maswali yao hayafanani.

Ili kuelewa kamera inakosa nini, ni lazima kwanza kuelewa inahisi nini. Kamera nyingi za aina hii haziangalii mnyama kwa jicho la kawaida zinapomngojea. Chini ya lenzi yake kuna kidirisha cha plastiki cheupe, na nyuma ya kidirisha hicho kuna kihisi kinachopokea miale ya joto, yaani miale ya infraredi, ambayo kila kitu chenye joto huitoa. Kidirisha hugawa eneo la mbele katika vipande vipande, na kihisi hulinganisha joto linalotoka katika kipande kimoja na kingine. Mnyama mwenye ngozi yenye joto akitoka kipande hiki na kuingia kile, ulinganifu unavurugika ghafla, na kamera inaamka na kupiga. Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika kwa pamoja: mwendo, na tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Kimoja kikikosekana, kamera hubaki imelala hata kama nyati mzima amesimama mbele yake.

Hapa ndipo hali ya hewa ya kusini inapoingia. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, mchana wa mabonde ya Mto Matandu na Mto Mbwemkuru ni wa joto kali, na ardhi iliyoungua moto, nyeusi, isiyo na kivuli, hupata joto linaloweza kulingana na la ngozi ya mnyama au kulizidi. Tofauti ambayo kihisi kinaitegemea inayeyuka. Pofu anaweza kukatiza mita 10 mbele ya kamera saa nane mchana asipigwe, ilhali mnyama mdogo kama kanu akipigwa vizuri saa tisa usiku, wakati ardhi imepoa. Anayetazama picha za mwezi mzima ataona kwamba hakuna kitu kinachopita mchana, na atahitimisha kwamba wanyama wote wamehamia usiku. Huenda ni kweli, kwa sababu wanyama wengi hukwepa jua na hukwepa watu. Lakini picha pekee haziwezi kuthibitisha hilo, maana kipindi ambacho kamera ni nusu kipofu ndicho hichohicho ambacho wanyama hupumzika. Mfuatilia nyayo anayeijua kazi yake huutatua mgogoro huo kwa kuinama tu: nyayo za mchana huwa juu ya nyayo za usiku, na kingo zake bado ni kali.

Joto hilohilo huleta tatizo la upande wa pili. Jani refu la nyasi lililopigwa na jua likitikiswa na upepo mbele ya kihisi linaweza kuiamsha kamera mamia ya mara kwa siku, kadi ya kumbukumbu ikajaa picha za majani na betri zikaisha kabla mnyama hajapita. Jambo hili halimpati mgeni peke yake. Katika mradi mkubwa wa Serengeti ulioanza mwaka 2010, ambapo kamera 225 zilitandazwa katika eneo la kilomita za mraba 1,125, takriban robo tatu ya matukio yaliyorekodiwa hayakuwa na mnyama yeyote. Kwa hiyo panga la kukatia nyasi ni sehemu ya kamera kama betri zilivyo. Nyasi zikatwe hadi chini, kwa upana wote ambao kihisi kinauona, na shina linalofungiwa kamera liwe nene kiasi cha kutoyumba. Mtondoo mkubwa unafaa, mche mwembamba wa mninga haufai. Kukata nyasi kuna faida ya pili, kwamba moto wa nyika ukipita hautapata cha kuunguza karibu na mti ule. Mioto hiyo hupita karibu kila mwaka kati ya Juni na Oktoba, na kamera ya plastiki haiwezi kuistahimili.

Mwelekeo nao unahesabiwa. Kamera inayotazama mashariki au magharibi itapofushwa na jua asubuhi au jioni, yaani saa zilezile ambazo wanyama hutembea zaidi, na hivyo ni desturi kuielekeza kaskazini au kusini. Kwa nchi iliyo karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta uchaguzi kati ya hizo mbili hubadilika kadiri msimu unavyosonga: Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kamera itazame kusini, kufikia wiki ya tatu ya Oktoba jua la adhuhuri liko utosini, na baada ya hapo linaelemea kusini. Aidha, kamera isitazame njia kwa upande kabisa, kwa sababu mnyama mwenye haraka atakuwa amekwisha kupita kabla haijaamka na picha itabaki na mkia tu. Wala isiitazame njia kwa mbele moja kwa moja, kwa sababu kihisi huhisi vizuri zaidi kitu kinachokatiza kuliko kinachokijia. Ielekezwe mshazari. Urefu wa goti la mtu mzima hadi paja hutosha kwa wanyama wengi. Kisha mfungaji apite mbele yake kwa magoti, kutoka kila upande, akaone kama taa ya majaribio inawaka. Ni zoezi linalochekesha wenzake, lakini hakuna njia nyingine ya kujua kama nsya, ambaye ni mdogo na yuko chini, ataonekana.

Kuhusu mwanga wa usiku, kamera zenye mwako mweupe hutoa picha zenye rangi lakini humshtua mnyama na humwonyesha kila mpita njia kwamba kuna kifaa hapo. Nyingi za sasa hutumia mwanga wa infraredi, ama ule unaoacha wekundu hafifu kwenye vitaa vyake, ama ule usioonekana kabisa kwa jicho la mtu, ambao nao haufiki mbali sana. Picha zake huwa nyeusi na nyeupe, na hilo, kama tutakavyoona, lina gharama kwa mwindaji. Maadui wengine hawahitaji maelezo marefu: fisi huitafuna kamera, tembo huing'oa pamoja na mkanda wake, na sisimizi hutaga mayai ndani ya kasha lililofungwa vibaya.

Tuje kwenye usomaji. Tuseme kamera iliyofungwa kando ya kidimbwi kilichobaki katika korongo moja la Liwale imetoa picha arobaini za kongoni kwa wiki moja. Je, ni kongoni arobaini? Inaweza kuwa kundi la wanane lililokuja mara tano, na inaweza pia kuwa dume mmoja mwenye eneo lake aliyesimama kwenye kichuguu mbele ya kamera akiigeuzia shingo kila baada ya dakika chache. Watafiti hupunguza kosa hilo kwa kukubaliana kwamba picha za spishi moja zilizopigwa ndani ya muda fulani, mara nyingi nusu saa au saa nzima, zihesabiwe kuwa tukio moja. Bado matukio si idadi ya wanyama. Kongoni hawana alama za kuwatofautisha mmoja mmoja kwa urahisi. Chui anazo, kwani madoa yake hayafanani na ya chui mwingine, lakini hata madoa ya ubavu wake wa kushoto hayafanani na ya ubavu wake wa kulia, na ndiyo maana watafiti wa chui hufunga kamera mbili zinazotazamana. Mwenye kamera moja tu anaweza kumhesabu chui yuleyule mara mbili, akienda na akirudi, na kuamini ana madume wawili.

Upo pia upendeleo wa mahali. Simba na chui hupenda kutembea katika barabara za magari na njia zilizokanyagwa, hivyo kamera za barabarani huonyesha wanyama wakali wengi kuliko uwiano wao halisi, huku funo anayejificha vichakani asionekane kamwe. Anayesema kitalu chake hakina funo kwa sababu kamera za barabarani hazikumpiga amesema habari za barabara, hakusema habari za kitalu.

Muda uliochapwa chini ya picha unahitaji uangalifu ambao ni wetu zaidi kuliko wa wenzetu wa ng'ambo. Saa ya kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mfuatilia nyayo wa Liwale huhesabu kuanzia jua linapochomoza. Katika daftari la kambi moja unaweza kukuta maandishi ya watu wawili, mmoja akiandika 7 kwa maana ya saa moja jioni na mwingine akisoma saa saba. Katika vitalu vya Lindi jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni karibu mwaka mzima, na sheria hairuhusu kuwinda usiku, kwa hiyo kosa la saa moja tu ndilo linalotenganisha chui anayeweza kuwindwa kihalali na chui anayekuja gizani kila siku.

Chui ndiye mnyama ambaye kamera imebadilisha zaidi namna ya kumwinda. Desturi ni kutundika chambo juu ya mti na kujenga kibanda cha kuvizia kwa mbali, na zamani mwindaji bingwa alikisia kwa nyayo, makucha yaliyokwaruza gome na kiasi cha nyama iliyoliwa kama aliyekuja ni dume au jike. Tanzania inaruhusu chui dume tu. Kamera iliyofungwa ikitazama tawi lenye chambo, nyama ikiwa imetundikwa mahali ambapo mnyama hana budi kujinyoosha ili aifikie, huonyesha tumbo na sehemu za siri waziwazi; huonyesha kichwa kipana na shingo nene ya dume mzima; na huonyesha saa aliyokuja. Nikiulizwa faida kubwa ya kifaa hiki kwa uwindaji halali, nitataja hii kabla ya nyingine yoyote: kinampa mtu sababu ya kutofyatua risasi, tena siku kadhaa kabla hajakaa kibandani, akiwa hana presha ya mgeni aliyelipa fedha nyingi na anayehesabu siku zake zilizobaki.

Kwa simba jambo ni gumu zaidi, kwa sababu linahusu umri. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, wakitumia taarifa za muda mrefu za simba wa Serengeti, walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba kuwinda madume wenye umri wa miaka 6 na kuendelea hakudhuru idadi ya simba, ilhali kuwaua madume wadogo zaidi kunaidhuru. Sababu yake ni kwamba dume anayekamata kundi jipya huwaua watoto wa mtangulizi wake. Dume akiuawa mapema, watoto wake nao hupotea, na kundi likibadilishiwa madume kila mwaka halikuzi kizazi. Kanuni za Tanzania zikaufuata umri huo wa miaka 6. Dalili mojawapo ya umri ni rangi ya pua, ambayo huanza nyekundunyekundu na kuzidi kuwa nyeusi kadiri simba anavyozeeka. Sasa turudi kwenye picha ya usiku isiyo na rangi: pua haisomeki humo. Manyoya ya shingoni hayasaidii sana pia, kwani simba wa nyanda za chini zenye joto huwa na manyoya mafupi na machache hata wakiwa watu wazima. Picha ya usiku inathibitisha kwamba simba dume alipita. Umri wake utafutwe kwa picha ya mchana au kwa darubini.

Palahala, ambaye wageni wengi hufuata kusini kwa ajili yake, ana mtego wake mwingine. Dume na jike wote wana pembe zilizopinda kwenda nyuma. Dume mzima ni mweusi na jike ni wa hudhurungi, lakini dume kijana naye bado ni wa hudhurungi, na mwanga wa infraredi huchanganya weusi na hudhurungi kiasi kwamba mnyama mweusi anaweza kutokea kijivu kipauko. Katika picha ya aina hiyo cha kuaminiwa ni unene wa pembe zinapotokea kichwani, upana wa shingo na urefu wa mkunjo, tena kwa picha kadhaa za pembe tofauti za kutazamia.

Kifaa hiki kina matumizi mengine ambayo katika mkoa wa Lindi yana uzito wa pekee. Mwaka 2005 Packer na wenzake walichapisha takwimu kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi wengine zaidi ya 308, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Walihusisha mashambulizi hayo na nguruwe pori: mahali ambapo wanyama wengine wa kuliwa na simba wamepungua, nguruwe pori hubaki, huingia mashambani usiku, mkulima hulala shambani kwenye dungu ili awafukuze, na simba huwafuata nguruwe hadi alipo mkulima. Kamera chache zilizofungwa kwenye mapito ya nguruwe kati ya pori na mashamba huonyesha wanaingilia wapi, saa ngapi, na kama kuna simba anayewafuata. Askari wanyamapori aliyeitwa kumwondoa simba mkali akiwa na picha anaweza kumtofautisha na simba mwingine kwa masikio yaliyochanika, makovu na mpangilio wa vidoa vinavyobeba sharubu, badala ya kumwua simba wa kwanza atakayemwona. Kwa maoni yangu vijiji vilivyo ndani ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama Magingo ya Liwale, vingefaidika na matumizi haya kuliko kitalu chochote.

Lakini kamera iliyofungwa karibu na kijiji humpiga kila apitaye: warina asali, wachoma mkaa, kina mama wanaotafuta kuni, na pia jangili mwenye nyaya za mitego begani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitambua picha ya mtu kuwa ni habari yake, na picha ya mtu aliyeonekana porini haithibitishi kosa. Njia iliyo salama ni mwenye kamera kuwajulisha viongozi wa kijiji kabla ya kufunga, kuwakabidhi askari picha zinazoonyesha silaha au mitego, na kufuta zilizobaki badala ya kuzisambaza kwenye simu. Katika mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule na Msanjesi hakuna ruhusa ya kuingia, licha ya kufunga kifaa, bila idhini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Na anayefanya utafiti hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Linabaki suala la haki kwa mnyama, ambalo huko Marekani limefikia hatua ya sheria. Jimbo la Arizona lilipiga marufuku matumizi ya kamera hizi kwa ajili ya kuwinda kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na majimbo ya Utah na Nevada yamezizuia katika miezi ya msimu wa uwindaji. Yote matatu ni majimbo makavu. Mahali ambapo maji ni machache, wanyama wote wa eneo kubwa hulazimika kuja kwenye visima vilevile, na mwenye kamera katika kila kisima hajui tu kwamba mnyama yupo. Anajua atakuja lini. Kamera zinazotuma picha kwa simu papo hapo zimeongeza ukali wa mjadala, ingawa sehemu kubwa ya mapori yetu haina mtandao wa kuziwezesha.

Waliosema sheria hizo ni mambo ya jangwa la ng'ambo hawajaona Liwale mwezi wa Oktoba. Kufikia wakati huo korongo lililokuwa na vidimbwi ishirini linaweza kubaki na viwili, na palahala, nyati, ngiri na mbwa mwitu wote hunywa hapo. Mwezi Juni kamera ya majini hufundisha mengi na haimnyimi mnyama chaguo, kwa kuwa bado ana pa kwenda; mwezi Oktoba kamera ileile inafanya kazi ya mvizio. Ningependa kuona masharti ya vitalu yakidai kamera za majini ziondolewe vidimbwi vinapoanza kuisha na kuhamishiwa kwenye njia za mbali au kwenye maeneo yaliyoungua yanayochipua majani mapya, ambako mnyama huja kwa hiari yake na kwa saa zisizotabirika. Kamera za chambo cha chui zibaki, maana hizo ndizo zinazomwokoa jike.